SIKUKUU ZA TAIFA NA SISI WAKIMBIZI: MAFUNZO KUTOKA MPAKA WA BUSIA NA TORORO

(Hotuba ya walimu wakimbizi, iliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai. Pili, tunaishukuru Kamati kwa kutupa sisi walimu nafasi ya kusema machache. Tuliombwa tuzungumze juu ya sikukuu za taifa: ni zipi, zilitoka wapi, na sisi tulio mbali na kwetu tuzichukue namna gani. Jambo hili si la kupamba mkutano. Wengi wenu mnajua kwamba katika vikao viwili vilivyopita sisi tuliotoka Kenya tulibishana mpaka jioni juu ya tarehe 12 Desemba, kama tuiadhimishe hapa kambini au tuiache ipite kama siku nyingine. Wako waliotoka kikaoni bila kuagana. Kwa hiyo leo hatukuja kusoma orodha ya tarehe tu. Tumekuja kutoa maoni, na tunaomba mtusikilize hadi mwisho.

Kwa faida ya wageni wetu, tueleze kidogo tulikotoka. Wakenya wengi waliomo humu walivuka mpaka mwanzoni mwa mwaka 2008, wengine kwa Busia, wengine kwa Malaba, kwa ajili ya fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Makao yetu ya kwanza yalikuwa Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kuletwa hapa Kiryandongo. Sisi tunaozungumza leo tulikuwa wanafunzi wakati ule. Tulikulia ukimbizini, tukasomea ualimu chuoni, na sasa tunafundisha watoto waliozaliwa hapa hapa. Ndiyo sababu mifano yetu mingi itatoka Busia na Tororo. Huko ndiko tulikojifunza kwamba kalenda moja ya ukutani haitoshi.

SIKUKUU YA TAIFA NI NINI?

Sikukuu ya taifa ni siku ambayo sheria ya nchi imeitenga na siku nyingine. Ofisi za serikali, benki na shule hufungwa, bendera hupandishwa, na kiongozi wa nchi huhutubia wananchi. Kila nchi ina sheria yake. Kwa mfano, nchini Kenya sikukuu ikiangukia Jumapili, basi siku inayofuata huwa ya mapumziko. Waziri naye anaweza kuongeza siku kwa tangazo katika gazeti rasmi la serikali.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja siku tatu tu kuwa ndizo siku za taifa. Ya kwanza ni Siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni, kukumbuka kujitawala kwa ndani mwaka 1963. Ya pili ni Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba. Ya tatu ni Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, kukumbuka uhuru wa mwaka 1963 na kuwa jamhuri mwaka mmoja baadaye, 1964.

Uganda nayo ina siku zake. Tarehe 26 Januari hukumbukwa siku ambayo jeshi la NRA lilichukua madaraka mwaka 1986. Tarehe 16 Februari ni siku ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Tarehe 8 Machi ni Siku ya Wanawake, na Uganda hufunga ofisi siku hiyo. Kenya huiadhimisha bila kufunga kazi. Tarehe 3 Juni ni Siku ya Mashahidi wa Uganda. Tarehe 9 Juni ni Siku ya Mashujaa, na tarehe 9 Oktoba ni Siku ya Uhuru wa mwaka 1962.

Zipo pia zile zinazoadhimishwa na nchi zote mbili: Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Siku ya Wafanyakazi tarehe 1 Mei, Idd-el-Fitri, Krismasi na siku inayofuata Krismasi. Ndugu zetu Waislamu wanajua tofauti moja zaidi. Idd-el-Hajj ni sikukuu ya watu wote nchini Uganda. Nchini Kenya sheria iliiweka kwa ajili ya Waislamu, na ili iwe mapumziko ya wananchi wote hutangazwa katika gazeti rasmi, kama ilivyofanyika katika miaka ya karibuni.

KALENDA MBILI KATIKA MJI MMOJA

Sasa twende Busia. Jina ni moja, lakini miji ni miwili, mmoja wa Kenya na mmoja wa Uganda, na kati yao pana geti la mpaka. Aliyeishi pale anaujua mwezi wa Oktoba. Tarehe 9, benki za upande wa Uganda zimefungwa na za upande wa Kenya ziko wazi. Kesho yake, tarehe 10, mambo yanageuka: Uganda wanafanya kazi, Kenya wanapumzika. Mama anayenunua samaki upande mmoja na kuwauza upande mwingine lazima azijue sikukuu za serikali mbili, la sivyo fedha zake zitakwama. Hakusoma sheria yoyote, lakini kalenda zote mbili anazo kichwani.

Geti lenyewe halifungwi kwa sababu ya sikukuu. Malori hupita na watu hupita. Tangu mwaka 2018, kilipofunguliwa rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na msafiri hushughulikiwa upande mmoja tu, ule anaoingia. Hata jina la boda boda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima, husemwa lilianzia huku mpakani kwa wenye baiskeli waliobeba abiria kutoka boda hadi boda. Watu wa mahali hapa wamezoea kuishi na serikali mbili bila kugawanyika mioyo.

Na mpaka wenyewe si wa kale kama watu wanavyodhani. Mwanzoni mwa ukoloni, nchi ambayo leo ni magharibi ya Kenya ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, katika Jimbo la Mashariki, ambalo lilifika hadi Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliihamisha sehemu hiyo ikawa chini ya utawala ulioitwa baadaye Kenya. Wenyeji hawakuhama hata hatua moja. Mstari ndio uliohama. Wasamia na Wateso wakajikuta ndugu upande huu na ndugu upande ule.

Ukafika wakati wa uhuru. Uganda ikapata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Kenya ikangoja hadi tarehe 12 Desemba 1963. Hiyo ni zaidi ya miezi kumi na minne. Katika miezi hiyo, Msamia wa upande wa Uganda alikuwa raia wa nchi huru, na ndugu yake aliye upande wa pili alikuwa bado chini ya gavana wa Kiingereza. Tunawaomba wanafunzi wetu wa madarasa ya juu walifikirie jambo hili. Je, yule wa kwanza aliposherehekea, alimsaliti wa pili? Na yule wa pili aliposherehekea mwaka uliofuata, je, alimkataa wa kwanza?

Mfano mwingine ni wa tarehe 3 Juni. Hiyo ni sikukuu ya Uganda, ya kuwakumbuka Wakristo vijana, Wakatoliki na Waanglikana, waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Lakini kila mwaka, siku nyingi kabla ya tarehe hiyo, mahujaji wa Kenya hufunga safari kwa miguu, wakavuka mpaka Busia na Malaba, wakaenda zao Namugongo. Hakuna anayewauliza kwa nini wanaadhimisha siku ya nchi nyingine.

Na tusisahau mwaka 2024. Tarehe 1 Juni Kenya ilifanya sherehe za Madaraka Bungoma, jirani wa Busia. Tarehe 9 Oktoba Uganda nayo ilifanya sherehe zake za uhuru wilayani Busia, katika uwanja wa chuo cha ualimu cha Busikho. Kwa mwaka mmoja marais wote wawili walikuja kuhutubia mataifa yao karibu na mpaka ule tuliouvuka tukikimbia.

MAJINA YA SIKU HUBADILIKA

Jambo la tatu tunalotaka mjue ni hili: siku za serikali si milima. Serikali huziweka, na serikali huziondoa au kuzibadilisha jina.

Chukueni tarehe 20 Oktoba. Siku hiyo mwaka 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya, na Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Baadaye walishtakiwa Kapenguria watu sita: Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Kwa miaka mingi siku hiyo iliitwa Siku ya Kenyatta. Watu sita kizimbani, jina moja kwenye kalenda. Katiba ya 2010 ikaibadilisha ikawa Siku ya Mashujaa, ili iwe ya wote waliopigania nchi.

Chukueni pia tarehe 10 Oktoba. Ilikuwa Siku ya Moi. Ilipoachwa kuadhimishwa baada ya Katiba mpya, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2017 kwamba sheria haijaifuta, kwa hiyo ikarudi. Baadaye ikaitwa Siku ya Utamaduni, na mwaka 2024 ikawa Siku ya Mazingira, ya kupanda miti. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2008 amekwisha kuiona tarehe hiyo ikiachwa, ikirudishwa na kupewa majina mapya.

Huku Uganda, tarehe 16 Februari haikuwa sikukuu kwa karibu miaka arobaini. Askofu Mkuu Luwum aliuawa siku hiyo mwaka 1977, wakati wa Idi Amin, na serikali ya wakati ule ikatangaza kuwa ilikuwa ajali ya gari. Hakuuawa peke yake. Mawaziri wawili walikufa pamoja naye, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na huyu Oboth-Ofumbi alikuwa mtu wa Tororo. Siku ina jina la mmoja, lakini nyumba tatu ziliingia msiba. Watu wa Tororo hawakungoja kalenda ya serikali iwakumbushe mtu wao.

Kwa hiyo, ndugu zetu, sikukuu ni kitu chema, lakini si kipimo cha mwisho cha nani akumbukwe. Kalenda huja nyuma ya watu. Wapo ambao huwafikia baada ya miaka arobaini, na wapo ambao haiwafikii kabisa.

WAFU WETU HAWAMO KATIKA KALENDA

Hapa tunaomba utulivu kidogo.

Sikukuu ya kwanza ya mwaka, kwa Kenya na kwa Uganda, ni tarehe 1 Januari. Watu hukesha na kucheza ngoma. Lakini tarehe 1 Januari 2008, kijijini Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokuwa wamekimbilia kanisani walichomewa humo, na wengi wao walikuwa akina mama na watoto. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini Kenya katika fujo zile. Walikuwa wa makabila mbalimbali, wa pande zote. Tarehe 28 Februari 2008 mapatano yalitiwa sahihi mbele ya Kofi Annan, na mauaji yakapoa.

Tarehe hizo mbili hazina nafasi ya kuwakumbuka watu wale katika orodha ya sikukuu. Ya kwanza ni sikukuu kwa sababu nyingine, na ya pili ni siku ya kazi. Hatusemi hivi ili kumlaumu mtu. Tunasema kwa sababu humu kambini zimo familia ambazo kila Mwaka Mpya hufunga mlango na kuzima taa mapema, na majirani hudhani wana kiburi. Hawana kiburi. Wana matanga ambayo hayajawahi kumalizika.

UBISHI WA TAREHE 12 DESEMBA

Sasa turudi kwenye ubishi wetu wenyewe. Upande mmoja walisema: mkataa kwao ni mtumwa. Watoto wetu hawaujui wimbo wa taifa lao, hawajui bendera ina rangi gani, na siku tukirudi watakuwa wageni nyumbani kwa babu zao. Upande wa pili wakajibu: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyumba zetu zilichomwa chini ya bendera ile ile, tutaipigiaje makofi?

Sisi walimu tunasema pande zote mbili zina haki, na hakuna aliye msaliti. Lakini tulisikia pia hofu ya tatu, ambayo watu waliisema nje ya kikao kwa sauti ya chini. Hofu hiyo ni ya orodha. Wengine wanaogopa kwamba wakionekana wakiimba wimbo wa Kenya tarehe 12 Desemba, majina yataandikwa, na kesho wataambiwa: ninyi mnaipenda Kenya, basi rudini. Wengine wanaogopa kinyume chake, kwamba wakiandamana na watoto wa Uganda tarehe 9 Oktoba, itasemwa wamesahau kwao na hawana tena haki ya mashamba yao.

Tuseme wazi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya wakimbizi, uliopitishwa tarehe 10 Septemba 1969, unasema katika kifungu cha tano kwamba kurudi nyumbani ni kwa hiari, na mkimbizi yeyote asirudishwe kwa nguvu. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 20 Juni 1974. Tarehe ishirini Juni ikawa siku ya wakimbizi wa Afrika, na tangu mwaka 2001 ikawa ya dunia nzima, ulipotimia mwaka wa hamsini tangu Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951. Siku hii ya leo si sikukuu ya mapumziko, wala Kenya wala Uganda. Hata hivyo ndiyo siku iliyobeba ahadi hiyo kwetu. Mtu huomba kurudi kwa kinywa chake na kwa sahihi yake. Kuimba si kutia sahihi. Kupiga gwaride si kuomba uraia. Kukaa nyumbani siku ya sikukuu si uasi.

Mwezi uliopita mtoto wa darasa la tano, aliyezaliwa hapa, alituuliza darasani: "Mwalimu, sisi uhuru wetu ni lini?" Darasa lile lina watoto wa Kenya, wa Sudan Kusini, wa Kongo na wenyeji. Tuliandika ubaoni tarehe nne: 30 Juni 1960 ya Kongo, 9 Oktoba 1962 ya Uganda, 12 Desemba 1963 ya Kenya, na 9 Julai 2011 ya Sudan Kusini. Kila mtoto akanakili zote nne katika daftari lake. Hakuna aliyelia, hakuna aliyegombana. Tukaona kwamba watoto wanaweza kubeba mzigo huu kuliko sisi wazazi wao.

MAPENDEKEZO YETU

Ndugu Mwenyekiti, baada ya kushauriana, sisi walimu tunapendekeza mambo matano.

La kwanza ni juu ya sikukuu za Uganda. Shule zetu zinafuata utaratibu wa Uganda, na watoto wetu wanafanya mtihani wa Uganda wa kumaliza darasa la saba. Tarehe 9 Oktoba ni katikati ya muhula wa tatu. Tunaomba wanafunzi wetu waendelee kushiriki sherehe hizo pamoja na wenyeji kwa moyo mkunjufu, kama njia ya kusema asante kwa nchi iliyotupa ardhi ya kulima na mahali pa kulala.

La pili ni juu ya tarehe 12 Desemba. Wakati huo shule zimefungwa, kwa hiyo haliwezi kuwa jambo la shule. Liwe jambo la jamii. Anayetaka kuadhimisha aadhimishe mchana, mahali pa wazi, Kamati ikiwa imearifiwa na ofisi ya kambi imetoa ruhusa. Asiyetaka asilazimishwe wala asisimangwe. Kusiwe na hotuba ya chama chochote cha siasa. Na yaliyo muhimu kuliko yote, kusiwe na daftari la mahudhurio.

La tatu ni juu ya tarehe 1 Januari. Tunapendekeza asubuhi ya siku hiyo, kabla ya shangwe kuanza, watu wakusanyike kwa nusu saa tu. Kila familia isome jina la mtu wake aliyepotea, bila kutaja kabila na bila kumtaja aliyemuua. Ndugu zetu wa Sudan Kusini na wa Kongo wakipenda kusoma majina yao, wakaribishwe. Baada ya hapo kiongozi wa Kikristo aombe, kiongozi wa Kiislamu aombe, halafu watu waende wakasherehekee mwaka. Kwa jambo hili hatuna haja ya kuomba tangazo la waziri. Liko mikononi mwetu.

La nne ni la darasani. Tutaanza kutundika katika kila darasa la juu kalenda moja iliyoandikwa kwa mkono, yenye sikukuu za nchi zote ambazo watoto wetu wanatoka. Tunaomba wazee watusaidie kwa kuja kusimulia. Mzee aliyeiona siku ya uhuru akiwa mtoto anajua mengi kuliko kitabu chetu, na wazee hao wanapungua kila mwaka.

La tano ni ombi kwa wageni wetu wa mashirika. Mnapopanga siku za mgao au za kuandikisha watu, tafadhali zitazameni sikukuu za nchi na mbandike tangazo mapema, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine zinazosemwa humu. Hutokea mama akatembea tangu alfajiri akiwa na mtoto mgongoni, akafika akakuta mlango umefungwa kwa sababu ni sikukuu asiyoijua. Mtu huyo hawezi kuipenda sikukuu hiyo hata ikiwa ya mashujaa. Pia tunawaomba mtamke leo hii, mbele ya watu wote, kwamba kushiriki au kutoshiriki sherehe ya nchi yoyote hakuguswi na faili la mtu. Maneno hayo mkiyasema ninyi yatatuliza mioyo kuliko tukiyasema sisi.

MWISHO

Ndugu Mwenyekiti, hatutaki kuwachosha. Tumejaribu kuonyesha kwamba nchi ni moja ya vitu ambavyo mtu hupewa, na kalenda yake huja pamoja nayo, pamoja na mabadiliko yake yote. Kumbukumbu ya wafu wetu na shukrani kwa waliotupokea hatukupewa na sheria. Hizo tukiziacha, hakuna serikali itakayotufanyia.

Watu wa Busia huishi na kalenda mbili, na bado huoana, hukopeshana na kuzikana. Sisi tuliopita kwao tukiwa na vikapu kichwani tunaweza kufanya hivyo hivyo. Tunaomba kikao kijacho cha Kamati kiyajadili mapendekezo haya matano moja baada ya jingine, na wale walioondoka bila kuagana waje, maana viti vyao vipo.

 Mungu awabariki, na atujalie amani huku tuliko na kule tulikotoka.